Hupotelea Kati ya Milango Miwili: Namna ya Kuongoza Idara ya Afya ya Akili ya Wanajeshi wa Zamani Marekani

Aprili 2012 ofisi ya mkaguzi mkuu wa VA, wizara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani, ilitoa ripoti yenye namba mbili ambazo kila anayeongoza huduma za afya ya akili anapaswa kuzikumbuka. Uongozi wa huduma za afya wa VA ulikuwa umetangaza kwamba asilimia 95 ya wagonjwa wapya walipata tathmini kamili ya afya ya akili ndani ya siku 14. Wakaguzi walipohesabu upya, kuanzia mgonjwa alipoomba msaada au alipopewa rufaa, walipata asilimia 49. Waliobaki walisubiri kwa wastani siku 50 hivi.

Sehemu ya tatizo ilizaliwa kaunta. Karani wa miadi anatakiwa amuulize mgonjwa, "Ungependa kuonwa lini?" kisha aandike tarehe atakayotajiwa. Sasa mchukue karani aliyezidiwa na kazi. Anafungua kalenda, anaona nafasi ya kwanza iko wiki sita mbele, anamuuliza mgonjwa kama siku hiyo inamfaa. Mgonjwa anaitikia, maana hana la kufanya. Karani anaandika siku hiyo hiyo kuwa ndiyo mgonjwa aliyoitaka, na kompyuta inahesabu siku za kusubiri: sifuri. Mtu amekaa wiki sita na jinamizi lake, na ripoti ya mwezi inaonyesha hakusubiri hata siku moja. Miaka miwili baadaye orodha za siri za wagonjwa waliokuwa wakisubiri zilifichuliwa katika hospitali ya VA ya Phoenix, na tarehe 30 Mei 2014 waziri aliyehusika, Eric Shinseki, akajiuzulu.

Tumeanzia kaunta kwa sababu ndipo kazi ya mkuu wa idara ilipo. Ni wachache wanaopotea wakiwa wameketi mbele ya mtaalamu mzuri. Wengi hupotea katikati: kati ya daktari wa kawaida na mwanasaikolojia, kati ya wodi na nyumbani, kati ya simu ya usiku na miadi ya asubuhi. Mtaalamu anawajibika kwa mgonjwa aliye chumbani mwake. Aliye korido ni wa mkuu wa idara.

Ni nani hasa anayehudumiwa

Tukisema "mwanajeshi mstaafu" kwa Kiswahili, tunamwona mzee mwenye pensheni. Marekani neno lao lina maana pana zaidi. Kijana aliyejiunga na miaka 18 na kutoka na miaka 22 tayari anahesabiwa, na kwenye foleni anaweza kuwa nafasi moja tu nyuma ya babu aliyepigana Vietnam. Ndiyo maana hapa tunasema mwanajeshi wa zamani. VA ina zaidi ya hospitali 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na watu wapatao milioni 9 wamejiandikisha kwenye huduma zake za afya.

Idara ya afya ya akili na tabia katika hospitali moja hubeba mambo mengi kwa pamoja: kliniki ya nje, wodi ya wagonjwa wa akili, tiba ya uraibu wa pombe na dawa, kitengo cha kiwewe cha vita, huduma za wasio na makazi, na wataalamu wachache wanaokaa ndani ya kliniki ya kawaida. Nje ya hospitali kuna Vet Centers, yaani vituo vya ushauri kwa wanajeshi wa zamani, takribani 300, ambazo Bunge lilizianzisha mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya kiwewe cha baada ya tukio, yaani PTSD, kutambuliwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Majalada yake hayachanganywi na ya hospitali. Kuna watu wasiokanyaga hospitali kwa kuogopa jalada, lakini huko hufika. Mkuu wa idara anayezipuuza kwa kuwa haziko chini yake anaipoteza njia ambayo watu wagumu kufikiwa huitumia.

Maswali matano, na kinachofuata baada yake

Mlango mkubwa wa kuingilia ni daktari wa kawaida. Huko kila mgonjwa huulizwa maswali mafupi kwa ratiba maalumu. La kiwewe huulizwa kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza baada ya kutoka jeshini, kisha kila baada ya miaka mitano. Dodoso lake, PC-PTSD-5, huanza kwa kuuliza kama mtu amewahi kukutwa na tukio la kutisha. Akisema ndiyo, hufuata maswali matano ya ndiyo au hapana kuhusu mwezi uliopita: jinamizi, kukwepa ukumbusho wa tukio, kuwa macho muda wote, kufa ganzi, kujilaumu. La pombe, AUDIT-C, lina maswali matatu na alama 0 hadi 12. Zikifika 5, ushauri lazima utolewe. Sonona hupimwa kwa PHQ-9, yenye alama 0 hadi 27, na swali lake la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru.

Maswali yenyewe ni rahisi. Ugumu uko kwenye dakika kumi zinazofuata. Muuguzi amepata "ndiyo" kwenye swali la tisa saa kumi kasoro robo jioni, mgonjwa ameshashika ufunguo wa gari, na mtaalamu wa akili yuko jengo jingine. Tangu mwaka 2018 VA ina utaratibu wa ngazi: jibu la hatari hufuatwa na maswali ya kina kuhusu kujiua, na hayo yakithibitisha hatari, hufuata tathmini kamili ya mtaalamu. Siku ile ile, si kwa miadi. Kwa hiyo mkuu wa idara lazima ajue jina la mtaalamu wa zamu wa kila saa ya kazi, muuguzi awe na namba moja tu ya kupiga, na kuwe na anayeshika nafasi wakati wa chakula cha mchana. Idara nyingi zina utaratibu mzuri kwenye karatasi lakini hazina mtu wa saa saba mchana.

Njia bora tuliyoiona ni kumweka mtaalamu ndani ya kliniki ya kawaida, mwenye saa zilizoachwa wazi kwa makusudi. Daktari anamshika mgonjwa mkono, wanatembea hatua 20, wanajuana kwa majina. Mgonjwa huyo hurudi kirahisi kuliko yule aliyepewa karatasi ya rufaa. Adui wa mpango huu ni takwimu za uzalishaji: saa iliyoachwa wazi huonekana kama uvivu, na meneja asiyeelewa ataijaza.

Hesabu ya ratiba

Hapa ndipo idara nyingi huvunjika bila kelele, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwongozo wa VA na wizara ya ulinzi wa mwaka 2023 unaweka mbele tiba tatu za mazungumzo kwa PTSD: CPT, ambamo mgonjwa huchunguza fikra zilizokwama tangu tukio, PE, ambamo huikabili kumbukumbu hatua kwa hatua, na EMDR, inayoifanyia kazi kumbukumbu huku macho yakifuata mwendo. Zinatangulizwa kabla ya dawa. Dawa zinazopendekezwa ni sertralini, paroksetini na venlafaksini, na mwongozo unashauri benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza wasiwasi, zisitumike kwa ugonjwa huu. CPT huchukua vikao kama 12, kwa kawaida kimoja kila wiki. PE huchukua vikao 8 hadi 15 vya dakika 90.

Sasa chukua mshauri mmoja. Katika wiki ya saa 40, ukitoa maandishi, mikutano na simu, tuseme anabaki na nafasi 25 za vikao. Kila mgonjwa wa CPT anashika nafasi moja kwa wiki 12. Gawanya 25 kwa 12: anaweza kupokea wagonjwa wapya wawili kwa wiki, na si zaidi. Akilazimishwa kupokea wanne ili foleni ya wapya ipungue, baada ya wiki 12 ana wagonjwa 48 kwa nafasi 25. Kila mmoja anaonwa karibu mara moja kwa wiki mbili, na likizo au ugonjwa ukiingia, wiki tatu. Wiki tatu zikipita, mgonjwa amesahau zoezi, kikao kizima kinakwenda kwenye kukumbushana, na tiba iliyothibitishwa imegeuka kuwa maongezi. Namba ya kusubiri miadi ya kwanza inang'ara, huku ya pili haipimwi na yeyote. Mkuu makini hupima siku kati ya kikao cha kwanza na cha pili, na cha pili na cha tatu. Huo ndio upimaji unaosema ukweli.

Halafu kuna kutoka. Mshauri mwenye huruma huwabakisha watu waliokwisha kupona, anawaona mara moja kwa mwezi kwa miaka. Wagonjwa 40 wa namna hiyo hula nafasi 10 kila wiki kati ya zile 25. Kuwarudisha kwa daktari wao wa kawaida si kuwatupa, mradi mlango wa kurudi uwe wazi na wauone kwa macho yao: namba ya simu, jina, na ahadi ya kuonwa ndani ya siku chache mambo yakichafuka. Mazungumzo ya kumaliza tiba yaanze kikao cha kwanza, si cha mwisho.

Hata kalenda yenyewe ina lake. Ikiwa imegawanywa kwa nafasi za dakika 60 pekee, PE ya dakika 90 haiingii bila kuvunja nafasi mbili, hivyo washauri wanaacha kuitumia, na mgonjwa hachagui kitu ambacho hakimo kwenye kalenda. Kurekebisha hilo ni kazi ya nusu siku ya karani na mkuu wake.

Na hata vyote vikikaa sawa, watu huacha. Katika utafiti mkubwa wa VA uliochapishwa mwaka 2022, wenye wanajeshi wa zamani 916 katika vituo 17, tiba hizi zilisaidia, lakini karibu nusu hawakumaliza: asilimia 55.8 upande wa PE na 46.6 upande wa CPT. Hili halimaanishi tiba ni mbovu. Linamaanisha kikao cha tatu na cha nne, pale kumbukumbu inapoguswa na usingizi kuharibika zaidi kabla ya kutengemaa, ndipo mgonjwa anapohitaji kupigiwa simu katikati ya wiki. Dodoso la PCL-5, maswali 20 yenye jumla ya alama 0 hadi 80, lijazwe kila wiki na mgonjwa aonyeshwe mchoro wa alama zake mwenyewe. Anayeuona mstari ukishuka huwa na sababu ya kurudi.

Siku saba, siku thelathini

Mwaka 2022 wanajeshi wa zamani zaidi ya 6,400 walijiua Marekani, na katika zaidi ya saba kwa kila kumi silaha ilikuwa bunduki. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoelekeza kazi. Wakati mkali wa kutaka kufa mara nyingi ni mfupi, na muda na umbali kati ya mtu na bunduki huokoa. Mazungumzo haya hayafanikiwi kwa amri. Mwanajeshi akisikia "tunataka kuchukua bunduki yako", mazungumzo yameisha. Akiulizwa, "Wiki mbaya ikija, ungependa nani akushikie ufunguo wa kabati?" hujibu, kwa sababu amefunzwa usalama wa silaha tangu siku ya kwanza. Kufuli za bunduki hutolewa bure. Ziwe kwenye droo ya kila chumba cha ushauri, si stoo ya ghorofa ya chini kwa fomu.

Mpango wa usalama una hatua sita, na huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba zao, na kuyafanya mazingira yawe salama. Kosa la kawaida ni kuujaza kama fomu. "Nitasikiliza muziki" hausaidii, "nitampeleka mbwa mtoni" unasaidia. Utafiti wa mwaka 2018 katika idara za dharura za VA ulionyesha kwamba mpango huu ukifuatwa na simu zinazoanza ndani ya saa 72, vitendo vya kujidhuru kwa lengo la kujiua hupungua kwa asilimia 45 katika miezi sita. Ule mpango na zile simu vilipimwa pamoja. Idara inayoandika mipango na kuacha simu imechukua nusu ya dawa.

Mgonjwa wa hatari kubwa huwekewa alama kwenye jalada. Alama hiyo inadai aonwe angalau mara nne ndani ya siku 30, na ipitiwe upya kila siku 90. Anayetoka wodini lazima aonwe ndani ya siku saba, maana majuma ya mwanzo baada ya kutoka ndiyo ya hatari zaidi. Miadi hiyo iwekwe kabla hajapewa nguo zake, na ikiwezekana mshauri wake mpya aje amsalimie wodini. Kila hospitali ina mratibu wa kuzuia kujiua, na simu ya dharura, 988 kisha kubonyeza 1, humletea majina ya waliopiga usiku. Tangu mwaka 2017 pia programu iitwayo REACH VET hupitia majalada na kutoa kila mwezi majina ya asilimia 0.1 walio katika hatari kubwa zaidi katika kila kituo. Wengi wao hawajasema lolote kwa yeyote. Mtaalamu anapowapigia asiseme "kompyuta imekutaja". Aseme, "Nimepitia jalada lako, nikaona nikujulie hali."

Wodini kazi ni ya fundi zaidi kuliko ya daktari. Orodha ya ukaguzi wa mazingira iliyoanza mwaka 2007 huwataka wakaguzi kupita chumba kwa chumba wakiangalia milango, mabomba na vitasa kwa jicho la mtu anayetaka kujidhuru. Kujiua ndani ya wodi za akili za VA kulishuka kutoka 4.2 hadi 0.74 kwa kila waliolazwa 100,000. Hakuna dawa mpya iliyofanya hivyo.

Mafundo ya haki na karatasi

Wafanyakazi wa kaunta hufukuza watu wenye haki kwa kutojua sheria, na kosa hilo ni la mkuu wao. Aliyeachishwa jeshi kwa hati isiyo nzuri aliambiwa kwa miaka kwamba VA si yake, ilhali tangu mwaka 2017 anaweza kupata huduma ya dharura ya akili. Tangu Januari 17, 2023, karibu kila mwanajeshi wa zamani aliye katika hatari ya kujiua anaweza kutibiwa bure, hata kama hajajiandikisha, hata katika hospitali isiyo ya VA: siku 30 za kulazwa, siku 90 za kliniki. Waliofanyiwa ukatili wa kingono jeshini hutibiwa bure bila kudaiwa ushahidi wala kiwango cha ulemavu. Wakiulizwa na wahudumu, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanaume mmoja kati ya 50 hujibu ndiyo. Kwa kuwa wanaume jeshini ni wengi mno, idadi yao ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kliniki yenye picha za wanawake tu ukutani inawafungia mlango.

Kwa sheria ya MISSION ya mwaka 2018, mgonjwa wa akili anaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa nje akilazimika kusubiri zaidi ya siku 20 au kuendesha gari kwa wastani wa zaidi ya dakika 30. Ni haki nzuri. Shida ni kwamba maandishi ya nje huchelewa kurudi, na daktari wa VA hajui dawa gani imeongezwa. Mpe mtu mmoja kazi ya kufuatilia majalada hayo, kwa jina.

Fundo jingine ni fidia ambayo VA humlipa aliyeumia jeshini. Ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili hupimwa kwa viwango vya asilimia 0 hadi 100, na familia nzima yaweza kuwa inaishi kwa malipo hayo. Mgonjwa anayehofu kwamba kupona kutamkata fedha haongopi; anafanya hesabu. Mshauri anayemtibu asiwe ndiye anayemkagua kwa ajili ya fidia. Mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi siku ya kwanza, kisha apelekwe kwa mtu anayejua sheria za malipo.

Kwa tiba ya video, iliyoruhusiwa kuvuka mipaka ya majimbo tangu mwaka 2018, swali la kwanza la kila kikao ni anwani alipo mgonjwa saa hiyo na namba ya mtu aliye karibu naye. Ukipiga 911 ukiwa Ohio, gari la wagonjwa halitafika Texas.

Watu wa kuifanya

Kipimo cha VA ni watumishi 7.72 wa kliniki ya nje ya akili kwa kila wagonjwa 1,000. Kuajiri huchukua miezi, na mshauri anayesikia habari za vita mara 25 kwa wiki huchoka kwa namna ambayo likizo pekee haiponyi. Saa ya kujadili wagonjwa wagumu na wenzake isifutwe foleni inapokuwa ndefu. Ikifutwa, mwaka ujao atakuwa ameondoka na foleni itaongezeka. Na wekeni wasaidizi ambao wenyewe ni wanajeshi wa zamani waliopona. Wao ndio humfuata mtu aliyekataa kushuka garini kwenye maegesho.

Katika foleni hiyo wamo pia Waswahili: Wakenya, Wakongo na wengine waliohudumu katika jeshi la Marekani, na wazazi na wake zao wanaoongea Kiswahili zaidi ya Kiingereza. Mama akisema "mwanangu ana mawazo", mkalimani asiyeelewa atatafsiri kwamba mwana anafikiri. Kwetu "mawazo" ni huzuni, wasiwasi, usiku usiolalika. "Nimechoka na maisha" yaweza kuwa lalamiko la kodi ya nyumba, au kauli ya mwisho. Mkalimani asichague maana. Aseme neno lilivyo, aeleze uzito wake, na mtaalamu aulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani.

Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla ya mkutano wowote, mkuu wa idara afungue orodha tatu: wenye alama ya hatari ambao hawajafikisha mara nne, waliotoka wodini ambao siku yao ya saba inaangukia wiki hii, na wote waliokosa miadi kuanzia Ijumaa. Aliyekosa hupigiwa simu mara tatu, siku tofauti, kisha barua. Mbele ya kila jina iandikwe nani anapiga, na saa ngapi.